Mitaa Mia Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku njema. Nimepewa kazi ya maana, hatimaye! Mkurugenzi aliniita ofisini kwake saa tatu asubuhi. Akaniambia nikae. Nikakaa. Akaniambia si kwenye kiti hicho. Nikahamia kingine.

Akasema jaribio letu la utafiti limekubaliwa. Nusu ya mitaa itaonyeshwa filamu fupi, dakika kumi na mbili, kuhusu wakimbizi waliohamia mjini kwetu. Nusu nyingine haitaonyeshwa kitu. Baada ya mwezi, wenyeji wa pande zote mbili wataulizwa maswali yale yale: unawaonaje wakimbizi, ungekubali mkimbizi awe jirani yako, na mengine ya namna hiyo. Kisha tutalinganisha. Kazi yangu mimi: kusema ni wenyeji wangapi waulizwe. Namba moja tu. Niiwasilishe Jumatano ya wiki ijayo. Na atakayepanga namba, akasema, ndiye atakayesimamia kazi nyanjani.

Wenzangu wanaona ni namba tu. Hawaoni mbali. Namba ndogo, timu ndogo, kazi inakwisha hata jasho halijatoka. Namba kubwa, timu kubwa! Wadodosaji wengi, nyumba moja ya kupanga, meza moja ya chakula, utani kuanzia asubuhi. Na msimamizi anakaa pale kichwani mwa meza, anapitishiwa bakuli.

Nimewahi kusimamia mara moja, miaka mitano iliyopita. Siku tisa, wadodosaji wanane. Jioni ya tatu mmoja wao aliniuliza kama chumvi inatosha. Nikamjibu inatosha. Mpaka leo naikumbuka sauti yake.

Leo nimekula peke yangu, kama jana, kama juzi. Chumvi ilizidi. Hakuna wa kumlaumu.

Basi naliandika lengo langu hapa kwa wino: namba iwe kubwa kadiri itakavyowezekana. Wakubwa wanataka matokeo. Mimi nataka watu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kumbe nina mkaguzi! Mkurugenzi hakuniambia jana. Ni yule msichana wa takwimu aliyeajiriwa miezi mitatu iliyopita, ambaye mimi humwita Binti Desimali. Anaandika kila kitu kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Ukimuuliza amechelewa kwa muda gani, usishangae akikujibu robo saa nukta mbili.

Alikuja mezani kwangu na karatasi. Amekwisha piga hesabu! Nani kamtuma? Akanieleza pole pole, kana kwamba mimi ni mgeni wa kazi hii. Kwa kawaida wangetosha watu mia sita. Lakini tunawauliza watu wa mtaa mmoja kwa pamoja, kumi na wawili kila mtaa, na watu wa mtaa mmoja hufanana mawazo. Ukishamsikia wa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya pili anakurudishia nusu ya yale yale. Kwa hiyo inabidi kuongeza watu. Kiasi cha kuongeza kinategemea mfanano. Mfanano sifuri maana yake kila mtu na lake. Mfanano moja maana yake mtaa mzima una kichwa kimoja. Tafiti za zamani, akasema, zinatoa mfanano wa sifuri nukta sifuri tano.

Jibu lake: watu mia tisa thelathini na sita, mitaa sabini na minane. Wadodosaji sita, siku ishirini na sita.

Sita! Sita si timu. Katika watu sita, wawili watakuwa ndugu, wawili watapendana, na wawili watanuniana. Msimamizi akae na nani?

Nikamwambia nitaitafakari. Akaniuliza kama nitakwenda na wenzetu mkahawani mchana. Nikajua papo hapo, anataka kunichimba. Nikakataa kwa adabu. Nikala maandazi yangu mawili juu ya meza ya kazi, nikafuta makombo, nikayahesabu kabla ya kuyafuta. Kumi na manne.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeupata mlango! Kila kitu kiko kwenye huo mfanano. Nimepiga hesabu mara tatu. Mfanano ukiwa moja, watu mia sita wanazidishwa kwa kumi na mbili. Watu elfu saba na mia mbili. Mitaa mia sita. Wadodosaji ishirini na wanne, siku hamsini!

Nimechora meza. Kumi na wawili upande huu, kumi na wawili upande ule, mimi kichwani. Nikaona nitakuwa mbali na wa mwisho kule, nikachora tena meza ya duara.

Asubuhi nilijaribu njia ya mkato. Nilisogeza nukta kidogo tu. Sifuri nukta sifuri tano ikawa sifuri nukta tano. Nikairudisha karatasi mezani kwa Binti Desimali huku nikipiga mluzi. Dakika nne! Dakika nne tu akaja kuuliza sifuri moja imekwenda wapi. Nikasema pengine inzi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema inzi wa ofisi hii wamesoma.

Dharau hiyo. Lakini mwenye njaa ya jambo hakatishwi tamaa na mluzi wake mwenyewe. Nahitaji ushahidi. Nahitaji mtaa wenye kichwa kimoja.

Jumamosi na Jumapili ni zangu. Mtaa ninao.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mkurugenzi ameruhusu hojaji ya majaribio mtaani kwangu. Wenyeji kumi na wawili. Alikuwa anaongea na simu wakati namwomba, akapunga mkono. Nimehesabu kupunga mkono kuwa ndiyo.

Nimeishi mtaa huu miaka mitatu. Upande mmoja duka la Mwenye Duka na kibanda cha Kinyozi, upande wa pili nyumba ndefu ya vyumba sita vya kupanga, mbele yake mfereji na ubao wa kuvukia. Mimi ni chumba cha mwisho, namba sita. Majirani wote nawajua vizuri, kwa sauti. Mama Pacha anafua saa kumi na mbili. Mwalimu Mstaafu anakohoa mara tatu kabla ya kufungua redio. Chumba namba tano, ukutani kwangu, yupo Fundi, mwanamke mshona nguo. Huyo ni mkimbizi. Alivuka mpaka miaka minne iliyopita na cherehani yake. Kila asubuhi ananisalimu. Namjibu kwa kichwa, maana saa hizo huwa nawaza.

Kwa kanuni, Fundi haulizwi. Jaribio ni la maoni ya wenyeji, na yeye si mwenyeji. Kanuni ni kanuni.

Nimeandika dodoso la maswali tisa. La tisa nimelitunga mwenyewe, na sioni haya kujisifu: je, kuna mtu yeyote mtaani hapa ambaye usingependa awe jirani yako? Wote watamtaja Fundi. Kumi na wawili kwa sauti moja! Simwombei mabaya, hana kosa lolote. Lakini mitaa yote si ndivyo ilivyo? Mgeni ni mgeni. Na mimi nahitaji kichwa kimoja.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Dada amepiga simu. Ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na anaishi safari ya siku nzima. Akauliza nakula nini. Nikamwambia chakula. Akauliza nakula na nani. Nikamwambia mtandao unakatika.

Akapiga tena. Akasema tangu tumzike mama anaogopa nitakuja kuokotwa chumbani kama mswaki uliosahauliwa. Nikamwambia mpaka Jumapili nitakuwa nimekwisha kaa na kuzungumza na majirani kumi na wawili, mmoja mmoja, dakika ishirini kila mmoja. Alifurahi mpaka akalia. Akasema mtu ni watu, mdogo wangu, umefanya la maana.

Sikumwambia kuhusu dodoso. Angenielewa vibaya.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Maafa! Nilitoka saa mbili, nimevaa kizibao cha ofisi na kofia, daftari mkononi. Nimehoji saba. Hawafanani hata kidogo.

Mwenye Duka anasema wakimbizi ni baraka. Wananunua kidogo kidogo lakini kila siku. Kinyozi anasema ni balaa, kaja kinyozi mwenzake kutoka huko kwao na ananyoa vizuri kuliko yeye. Mama Pacha anasema Fundi ndiye aliyemshikia pacha mmoja wakati yeye anamnyonyesha mwingine, miezi sita mfululizo, kwa hiyo atakayemgusa Fundi amemgusa yeye. Mpangaji wa chumba cha pili hajali. Mpangaji wa chumba cha tatu anajali Jumapili tu, wakiimba. Mwalimu Mstaafu aliniwekea mhadhara mzima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema. Tuliwapa jembe, sasa wanalima kutushinda, ndipo tunanuna. Nikamuuliza basi anawapenda au hawapendi. Akasema anawapenda na ananuna.

Hilo nitaliandika kwenye kisanduku gani?

Mfanano sifuri! Kila mtu na lake. Kwa watu hawa hata wadodosaji sita ni wengi.

Halafu swali la tisa. Nalieleza hapa taratibu.

Mwenye Duka hakufikiri hata kidogo. Akasema ni yule wa chumba cha mwisho. Nikaandika. Akaendelea kunieleza: anapita asubuhi na jioni, daftari kwapani, hasalimii, hacheki, hanunui hata kiberiti, wanamwita Bwana Daftari. Nikawa naandika kwa bidii. Nilifika kwenye neno daftari ndipo kalamu ikasimama.

Hakunitambua! Kofia tu na kizibao, na miaka mitatu ikafutika. Au pengine hapakuwa na cha kufuta.

Nikajipa moyo, huyo ni mtu mmoja. Nikaenda kwa Kinyozi. Chumba cha mwisho. Mama Pacha: chumba cha mwisho. Mpangaji wa chumba cha pili aliyekuwa hajali chochote, hapo alijali. Akasimama kabisa.

Kinyozi ndiye aliyeniumiza. Alisema siku ya msiba wa baba yake mtaa mzima ulikuja, hata Fundi ambaye alikuwa hajamaliza miaka miwili, alipika siku tatu. Bwana Daftari hakuja. Alipitisha barua chini ya mlango, imepigwa chapa, inalalamika kwamba viti vimeziba njia.

Naikumbuka barua ile. Nilijivunia lugha yake. Niliona viti, niliona watu wengi, nikasikia sufuria. Sikusikia kilio. Nilidhani ni sherehe na sikualikwa.

Sikumwambia hivyo. Mdodosaji haruhusiwi kujibu. Nikamshukuru kwa muda wake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimemaliza watano waliobaki. Watatu hawakunitambua. Wa nne alinitazama sana. Wa tano, bibi mwenye nyumba, ambaye kila mwezi nampa kodi kwa mkono wangu huu, alinitambua tangu mlangoni. Nikadhani atanionea haya. Nilipofika swali la tisa alisema ni wewe, mwanangu, andika tu. Akanisaidia na herufi.

Kumi na wawili kati ya kumi na wawili.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na viatu. Nimeumia. Naliandika hivyo hivyo bila kupamba. Nilijua hawanipendi sana, lakini mtu hufikiri hajapendwa bado. Hajui kwamba amekwisha pigiwa kura.

Nikakaa hivyo kama saa moja na nusu. Halafu nikaona!

Kumi na wawili kati ya kumi na wawili! Wanaobishana kuhusu wakimbizi, kuhusu jembe, kuhusu nyimbo za Jumapili, hawakubishana hata mmoja kuhusu mimi. Mfanano moja! Kamili! Hakuna desimali hata ya kulambishia! Katika vitabu vyote vya tafiti nilivyosoma sijaona mtaa wenye kichwa kimoja kama huu, na kichwa hicho nimekiunganisha mimi mwenyewe, bila msaada.

Nikaruka. Nikagonga taa. Elfu saba na mia mbili!

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Jioni, saa kumi na mbili kasoro, mtu akabisha hodi. Nikadhani ni msoma mita. Msoma mita alikwisha kuja mwezi huu. Nikadhani ni upepo. Upepo haubishi hodi mara mbili na kusema jirani, najua upo.

Fundi. Uzi mweupe umeshika begani, futi ya kupimia shingoni. Nikamwambia karibu, bila kusogea mlangoni. Akasema mtaa mzima umeulizwa maswali, chumba kwa chumba, ukamruka yeye. Anataka kujua kosa lake.

Nikamweleza kwa upole kwamba hana kosa, hamo tu kwenye sampuli. Wanaulizwa wenyeji. Akaniuliza mimi nimeingia lini mtaa huu. Nikamwambia miaka mitatu. Akasema yeye minne. Basi nani mwenyeji wa nani?

Nikamwambia ni suala la kitaalamu.

Akasema hata hivyo anajua swali la tisa, mtaa mzima unalijua, na jibu lake anataka kulitoa. Nikamwomba asilitoe! Nikainua mkono kabisa, kama askari wa barabarani. Akalitoa. Akasema yeye hana shida na mimi. Mwaka wake wa kwanza yale yale yanayosemwa juu yangu yalisemwa juu yake, na mengine mabaya zaidi. Mwalimu Mstaafu hakuitikia salamu yake kwa miezi saba. Yeye akawa anasalimu tu. Mwezi wa nane Mwalimu aliitikia kwa kuchoka, na tangu hapo hanyamazi.

Kisha akasema ukuta wetu ni mwembamba. Kila jioni anasikia kijiko kimoja. Kikianza yeye huzima cherehani kidogo, sijui kwa nini. Jumapili hii atapika, atakuwapo Kinyozi, Mama Pacha, Mwalimu, na wengine watakaofika. Saa saba mchana. Niende. La barua na viti litazungumzwa na litakwisha, maana Kinyozi amekwisha ambiwa kwamba mtu huyu pengine hakujua kuwa ni msiba.

Nani alimwambia? Akasema yeye. Alikisia.

Nilitaka kusema kitu. Nikasema nitaangalia ratiba.

Alipoondoka nikakaa na karatasi zangu. Tatizo kubwa! Nikimhesabu Fundi, ni kumi na wawili kati ya kumi na watatu. Mfanano unapasuka. Mitaa inapungua, wadodosaji wanapungua, meza inapungua. Kwa ajili ya mtu mmoja mwema nipoteze watu ishirini na wanne?

Nimeandika pembeni: mhojiwa asiyestahili, jibu limetolewa bila kuulizwa, lisihesabiwe. Nimepiga mstari kwa rula.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku ya kuwasilisha. Shati jeupe. Nilianza kwa sauti ya chini ili wasogee. Hawakusogea. Nikapandisha.

Nilipotaja mitaa mia sita, Mkurugenzi aliniuliza mia sita ya mji gani. Akasema mji wetu, ukihesabu na vichochoro, una mitaa mia moja na arobaini. Hilo sikulitazamia. Nikajibu kwamba mji unakua.

Binti Desimali akainua mkono. Akasema ana maswali matatu. La kwanza, mtu hawezi kupima mfanano kwa mtaa mmoja. Ukitaka kusema watu wa mtaa huu wanafanana, lazima ujue wa mtaa mwingine wanatofautiana nao vipi. Mtaa mmoja ukisema jambo moja, hujapima kitu, umesikia tu. La pili, swali la tisa halihusu wakimbizi. La tatu, akafungua dodoso zangu, huyu mtu aliyetajwa mara kumi na mbili ni nani?

Akaanza kusoma kwa sauti maelezo niliyoyaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri. Anaishi chumba cha mwisho. Hasalimii. Anatembea na daftari kwapani.

Wote wakatazama kwapani kwangu.

Nikasema ni mtu wa huko mtaani tu, simfahamu sana.

Binti Desimali alifunga zile karatasi haraka. Uso umembadilika. Akasema hilo si muhimu, turudi kwenye namba, akaanza kusoma desimali zake kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia, mpaka watu wakasinzia. Nimeliona hilo kuwa udhaifu wa hoja. Mtu aliyekushika koo hakuachii bila sababu.

Mkurugenzi akaamua. Mia tisa thelathini na sita. Mitaa sabini na minane. Wadodosaji sita. Msimamizi: Binti Desimali. Mimi nitabaki ofisini kupokea dodoso zikirudi, kuzipanga na kuzifunga kwa kamba. Chumba cha stoo kina meza tayari. Na kiti, akasema. Kimoja.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Wadodosaji sita wamechaguliwa leo. Wamejazana ukumbini wanacheka. Hawajuani hata siku moja na tayari wanacheka! Mmoja amekwisha pewa jina la utani. Nilipita mara nne nikijifanya natafuta stepla. Mara ya nne mmoja aliniuliza kama nimeipata. Nikamwambia ninayo mkononi.

Kesho kutwa wanaondoka. Siku ishirini na sita watakuwa huko, nyumba moja. Mimi stoo.

Jioni Fundi alinisalimu mlangoni. Akanikumbusha Jumapili. Safari hii nilimjibu kwa mdomo. Nikasema nzuri. Neno moja, lakini alitabasamu kana kwamba nimemsomea hotuba.

Potelea mbali takwimu. Nitakwenda! Nimepiga pasi shati. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo ya kumwambia Kinyozi pole ya baba yake, mwaka wa tatu huu. Pole sana, ndugu yangu. Pole ndugu yangu. Pole. Ile fupi inatoka vizuri zaidi.

Naogopa. Lakini ni woga ambao sikuwa nao zamani, na siuchukii.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Saa sita na nusu nilikuwa nimevaa tayari. Saa saba kamili nilifungua mlango. Kutoka mlango wangu mpaka wa Fundi ni hatua nne. Nilipiga tatu.

Ndani walikuwa wanacheka. Nikamtambua Mwalimu kwa kikohozi. Nikamsikia Kinyozi akiuliza huyu mtu wetu yuko wapi, na Mama Pacha akisema msimharakishe, atakuja. Mkono wangu ulikuwa umekwisha inuka.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Mwaliko mmoja! Nilikuwa nakwenda kuyabadilisha maisha yangu kwa mwaliko mmoja! Mtaalamu mzima! Mtu mmoja anaweza kukualika kwa bahati, kwa huruma, kwa kuwa chakula kimezidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikishaingia, nikazoea, kisha ikaja kuonekana kwamba ilikuwa ni makosa ya bahati tu, nitarudi vipi chumba namba sita?

Nikarudi kinyumenyume, hatua tatu, kimya. Nikafunga mlango pole pole. Nikachukua daftari.

Nimepiga hesabu kwa uangalifu, kanuni ya kawaida, kosa la asilimia tano tu. Ili mtu aseme kwa uhakika kwamba majirani wanamtaka, anahitaji mialiko mia tatu themanini na minne. Kundi la kulinganisha ninalo tayari: miaka mitatu bila mwaliko wowote. Ni jaribio zuri kuliko lao! Nitaanza stoo kesho, kuna utulivu wa kutosha.

Fundi alikuja kubisha mara tatu. Alisema jirani, chakula kinapoa. Mara ya pili alisema Kinyozi anasema uje tu, yameisha. Mara ya tatu alisimama tu, nikaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Nilibana pumzi. Mhojiwa akijua anapimwa, matokeo yanaharibika.

Baadaye nilifungua. Kulikuwa na sahani imefunikwa kizingitini. Nilijadiliana na nafsi yangu kama niihesabu kuwa mwaliko wa pili. Nimeamua hapana, ni ule ule, umeletwa tu mlangoni. Nimekula nimesimama. Ukutani wanacheka bado, na sijawahi kuwasikia karibu namna hii.

Kwa hiyo, hadi leo: mwaliko mmoja. Imebaki mia tatu themanini na mitatu. Nikiikamilisha, nitakwenda kubisha hodi.